Kalinzi na watoto wanaume: urithi wa shamba katika Bushi

Kilio kikiisha na watu wa mbali wakirudi kwao, jamaa hubaki mu kiwanja cha marehemu, na hapo ndipo neno la shamba huanza. Sisi tumekaa mu vikao vingi vya namna hiyo, saa ingine kama ndugu, saa ingine kama mwandishi, sababu watu wanafikiri kazi ya mwalimu ni kuandika tu. Mkubwa anasimama na kusema: "Desturi yetu inajulikana. Urithi ni ya mtoto wa kwanza. Papa ameniachia hii fasi." Wadogo wanamjibu: "Hapana, yaya. Desturi inasema sisi wote tuko watoto wa papa. Utukatie kila mutu fungu yake." Wote wanaapa kwa jina la desturi moja. Kisha siku hizi kunatokea dada mmoja, ameolewa ao hajaolewa, naye anauliza: "Na miye?" Wote wanaangalia chini.

Tuliona vema kuandika hapa namna hiyo desturi ilivyokuwa kweli, mbele ya kuja kwa Wazungu na nyuma yake. Si kwa kusema zamani kulikuwa kuzuri. Ni kwa sababu, kwa maoni yetu, mkubwa na wadogo wote wawili wanakumbuka nusu tu ya desturi. Nusu ingine imekufa, na ile nusu iliyobaki inatuuzisha mashamba na kutupeleka mu tribinali.

Tunasema juu ya Bushi, ile nchi ya milima inayokuwa magaribi ya ziwa Kivu, mu jimbo la Kivu ya Kusini. Ndani yake mna usultani wa Kabare na wa Ngweshe, ndizo kubwa zaidi, tena Kaziba, Nyangezi, Luhwinja, Burhinyi na Ninja. Mu teritwari zingine za Kongo mambo yalikuwa tofauti kabisa. Msomaji wa Katanga, kama ni Mubemba ao Mulamba, atashangaa kusoma juu ya mtoto kumrithi baba yake, sababu kwao urithi ulipita upande wa mama, mwana wa dada ndiye aliyemrithi mjomba. Hatutaki kuchanganya mambo. Tunabaki Bushi.

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: mu Bushi ya zamani hakuna mtu aliyesema "udongo ni wangu" kwa maana tunayoitia leo. Udongo ulikuwa wa mwami. Mwami naye hakuulima peke yake; aliugawanya kwa watoto wake, kwa wakubwa wa vilima, na kwa wale wazee wa heshima tunaowaita bashamuka. Hao nao waligawia watu wa chini yao. Kwa hiyo kila shamba lilikuwa na ngazi juu yake: mlimaji, mkubwa wa kilima, mkubwa wa fasi, mwami. Ukiuliza mtu "shamba ni la nani?", hakukutajia jina moja, alikutajia watu watatu ao wanne.

Namna ya kuingia mu ile ngazi iliitwa kalinzi. Mtu aliyetaka fasi ya kujenga na kulima alikwenda kwa mkubwa na kumpelekea kitu: ng'ombe moja ao zaidi kama fasi ni kubwa, mbuzi kama ni ndogo ao kama yeye ni maskini. Mbele ya washahidi alionyeshwa mipaka. Tangu siku ile alikuwa mtu wa yule mkubwa. Alikuwa na lazima ya kumpelekea kasiksi, kumsaidia kujenga lupango, kusimama upande wake kukiwa vita ao ugomvi. Mkubwa naye alikuwa na lazima ya kumlinda na ya kutomfukuza bila kosa kubwa. Kalinzi haikuwa kununua. Ng'ombe hakuwa bei ya udongo, alikuwa alama ya kuunganisha watu wawili, sawa vile ng'ombe ya mahari si bei ya bibi. Wazungu walipokuja wengi hawakufahamu hii tofauti, na lazima tuseme kweli, hata sisi wenyewe leo tunaisahau.

Na kalinzi ilirithiwa. Hapo ndipo nguvu yake yote. Aliyekuwa na kalinzi aliweza kupanda mti unaokaa miaka mingi, na mu Bushi mti huo ni mgomba. Shamba la migomba kuzunguka nyumba lilikuwa kama sertifika ya leo. Ukiona migomba mizee, ulijua kwamba hapa pana babu aliyezikwa na mjukuu atakayebaki.

Kinyume cha kalinzi kilikuwa bwasa. Bwasa ni shamba la kuazima: unalima maharagwe ao mtama kwa musimu moja ao mbili, unatoa kitu kidogo, kisha unarudisha. Mwenye bwasa alikatazwa kupanda mgomba, sababu akipanda mgomba, kesho mtoto wake atasema "hapa ni kwetu". Bwasa haikurithiwa. Mwenye bwasa akikufa, watoto wake hawakuwa na neno. Wasomaji washike vizuri hii tofauti, sababu maneno mengi tunayoona leo kati ya ndugu yanatoka hapo: mmoja anadai kama urithi kitu ambacho baba yake alikishika kwa bwasa tu.

Sasa tuje kwa watoto wanaume. Mwenye kalinzi akikufa, nani anaingia mu fasi yake?

Kwa kawaida mrithi alikuwa mmoja, na kwa kawaida alikuwa mtoto mwanaume wa kwanza. Tunasema "kwa kawaida" sababu baba aliweza kumkataa mkubwa mwenye tabia mbaya, na kwa nyumba ya mwami kanuni ilikuwa ingine kabisa: pale aliyerithi hakuwa lazima mzaliwa wa kwanza, ni yule aliyechaguliwa na kuonyeshwa na watunzaji wa siri za ufalme. Lakini kwa raia, mkubwa ndiye alishika lupango la baba. Alikwenda kwa mkubwa wa kilima kujionyesha, ili kifungo kilichokuwa na baba kiendelee na yeye. Ndiyo maana walitaka mtu mmoja: mwami na wakubwa wake walitaka kujua nani atajibu. Watu watano hawawezi kumjibu mkubwa mmoja juu ya kasiksi moja.

Hapo ndipo mkubwa wa leo anasimamisha hadisi, anapiga mikono. Lakini haijaisha.

Yule mrithi hakurithi udongo peke yake. Alirithi madeni ya baba. Alirithi mama yake na wake wengine wa baba, maana yake lazima ya kuwalisha na kuwaachia mashamba waliyozoea kulima. Mu nyumba ya wake wengi kila mama alikuwa na nyumba yake na mashamba yake, na mtoto wake ndiye alimtazamia. Mrithi mkubwa hakuwa na ruhusa ya kumfukuza mama mdogo kwa sababu tu si mama yake. Tena alirithi wadogo zake wote. Mdogo akifika umri wa kuoa, si mdogo aliyetafuta ng'ombe za mahari, ni mkubwa. Na dada wakiolewa, ng'ombe zilizoingia hazikuwa za mfuko wa mkubwa. Zilingojea kutoka tena kwa ajili ya mdogo anayefuata. Mkubwa aliitwa baba, na hilo jina halikuwa la heshima ya bure.

Na wadogo walipata wapi shamba? Hii ndiyo ile nusu iliyokufa. Kwanza baba mwenyewe, akiwa angali hai, aliweza kumkatia mtoto anayeoa kipande mu kalinzi yake, kama ni kubwa. Lakini njia ya kawaida ya mdogo ilikuwa kutoka. Alichukua mbuzi ao ng'ombe aliyopewa na jamaa, akaenda kwa mkubwa wa kilima kingine, akaomba kalinzi yake mwenyewe. Na mkubwa alikuwa na furaha ya kumpokea, sababu nguvu ya mwami ilikuwa watu, haikuwa udongo mtupu. Kilima bila watu hakina kasiksi wala askari. Kwa hiyo mwami aliyesema "mkubwa arithi peke yake" ni yule yule aliyesema "mdogo aje, nitampa fasi". Maneno hayo mawili yalikwenda pamoja kama miguu miwili. Mdogo wa kizazi hiki alikuwa babu mwenye kilima mu kizazi kinachofuata, na mtoto wake wa kwanza alirithi naye peke yake.

Jirani zetu walifanya ingine. Ngambo ya ziwa, Rwanda, na hata hapa Kongo mu Bwisha ya Rutshuru ambako watu wanasema luga moja nao, baba alimpa kila mtoto mwanaume sehemu yake siku ya kuoa. Sehemu hiyo inaitwa umunani. Mara nyingi kitinda mimba ndiye alibaki mu nyumba ya wazazi na kuwalea mu uzee. Pale udongo uligawanyika tangu zamani. Wanafunzi wetu wengine wanasoma vitabu juu ya Rwanda, kisha wanafikiri na Bashi walikuwa hivyo. Sivyo. Wadogo wanaosema mu kilio "desturi inasema tugawane" wanasema desturi ya jirani, ao wanasema desturi mpya iliyozaliwa kwetu mu wakati wa shida.

Shida ilianza namna gani? Tangu 1885 Leta ya Léopold II ilisema kwamba udongo usio na mtu ni wa Leta. Mu macho ya Mzungu, kilima ambacho mwami alikiwekea wadogo wa kesho, ao malisho ya ng'ombe, kilionekana kitupu. Mu 1928 wakaunda Comité National du Kivu, nayo ikapewa uwezo wa kugawanya udongo mwingi mno kwa wakoloni. Milima ya Bushi ikajaa plantasioni: kahawa, chai, kinini. Sisi tuliozaliwa nyuma ya uhuru tulizikuta zimepandwa kama vile zilikuwapo tangu mwanzo wa dunia. Lakini kila plantasioni ni kalinzi za wadogo ambazo hazikuzaliwa.

Kiisha uhuru haikupungua. Mu 1970 wakatangaza parke ya Kahuzi-Biega upande wa magaribi wa Kabare, na mu 1975 wakaiongeza. Waliopoteza zaidi pale ni Batwa, ambao msitu ulikuwa nyumba yao, na hadisi yao inastahili kuandikwa peke yake. Mu mwisho wa 1973 Mobutu akanyanganya plantasioni za wageni, lakini hazikurudi kwa raia. Walizipata wakubwa wa Leta na wafanyabiashara. Jina la mwenye plantasioni lilibadilika, mpaka wake ulibaki pale pale.

Mu katikati ya hayo yote neno jipya likaingia: bugule. Bugule ni kununua. Watu wenye mshahara, walimu, wafanyakazi wa plantasioni, wafanyabiashara wa Bukavu, walianza kutoa feza na kupata shamba bila kuwa mtu wa mkubwa yeyote. Hakuna kasiksi tena, hakuna kusimama upande wa mtu. Wengine walishangilia, na tunawafahamu, sababu ule mzigo wa wakubwa ulikuwa mzito kweli, kuna waliofukuzwa mu kalinzi zao kwa uongo tu. Lakini mwami aliyezoea kupokea feza ya bugule hakuwa tena na haja ya kumpokea mdogo mwenye mbuzi. Na bashamuka nao walifuata mfano. Mguu moja ukakatika.

Kisha ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973. Inasema udongo wote wa nchi ni mali ya Leta, hauuzwi, hauondoki mu mkono wake. Raia anapata tu ruhusa ya kuutumia. Juu ya mashamba ya vijiji, yaani yale ya desturi, sheria ilisema nayo yamekuwa ya Leta, na kwamba ordonansi ya Raisi wa Inchi itaeleza haki za watu wanaoyakalia. Miongo ya miaka ilipita watu wakingojea hiyo ordonansi. Wakati huo wote mkulima wa Bushi alikaa mu fasi ya baba yake kwa kalinzi ambayo kadasitre haiijui, na mtu wa mji mwenye akili aliweza kuja na sertifika juu ya fasi ile ile. Na sheria inasema sertifika ikipita miaka 2 bila kushitakiwa, haishambuliwi tena. Mama mjane wa kilimani atajua wapi kwamba kuna karatasi iliyotoka juu ya shamba lake, ili aishitaki mbele ya miaka 2?

Turudi kwa ndugu wetu wanaogombana. Kama mdogo hawezi tena kwenda kuomba kilima, afanye nini? Wengi walikwenda Kamituga kuchimba zahabu, wengine Bukavu, wengine wakashuka Kalonge na Bunyakiri ao mu bonde la Ruzizi, ambako wenyeji hawakuwaangalia kwa jicho jema kila mara. Tangu miaka ya 1990 wengine waliona bunduki kuwa shamba. Waliobaki walimwomba baba awakatie. Na baba, ambaye hawezi kumtupa mtoto, alikata.

Tufanye hesabu ndogo, ile tunayowapa wanafunzi wa mwaka wa pili. Babu alikuwa na hektari 2. Ana watoto wanaume 5, anawagawia sawasawa: kila mmoja ana ari 40. Kila mmoja wao anazaa wanaume 5: kila mjukuu ana ari 8, maana yake metre 20 kwa 40. Toa pale nyumba, jiko, choo, kaburi la papa. Mwanafunzi mmoja alituuliza: "Mwalimu, na mjukuu akizaa?" Darasa lilicheka. Yeye hakucheka, na tulifahamu kwamba anasema juu ya kwao.

Mkubwa mwingine haoni hiyo hesabu. Anashika ile nusu ya kwanza ya desturi, "miye ni mrithi", anakwenda kuuza shamba lote kwa mtu wa Bukavu, wadogo wanasikia habari siku mnunuzi anafika na kamba ya kupima. Huyo tunamwambia wazi: kwa desturi ya Bushi wewe ni mwizi. Mrithi wa kalinzi hakuwa na uwezo wa kuuza, sababu fasi ilikuwa ya walio mu kaburi, ya mkubwa aliyeitoa, na ya wale ambao hawajazaliwa. Alikuwa mlinzi, na mlinzi hauzi lupango.

Inabaki neno la yule dada. Desturi haikumpa urithi wa udongo, hatuwezi kuficha. Walisema yeye atakula mu shamba la bwana wake, na kama bwana amekufa, atakula mu shamba la mtoto wake mwanaume. Kama hakuzaa mwanaume, hali yake ilikuwa ngumu: ndugu wa bwana alimchukua, ao alirudi kwao kulima pembeni pa kaka. Lakini kurudi huko kulikuwa haki. Kaka ambaye dada yake alimpatia ng'ombe za kuoa hakuweza kumfungia mlango. Watu wa kilima wangemcheka.

Sheria ya leo inasema mengine. Kodi ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyotengenezwa tena mu 2016, inaweka watoto wote mu kundi la kwanza la warithi, mwanaume na mwanamke kwa fungu sawa, hata aliyezaliwa inje ya ndoa kama baba alimtambua akiwa hai. Kundi hilo linapata robo tatu za urithi. Bibi aliyebaki yuko mu kundi la pili, lakini tena ana haki ya kukaa mu nyumba waliyokaa na bwana wake, na kutumia nusu ya mashamba yaliyo kando yake ambayo marehemu alilima mwenyewe. Rwanda nao walipitisha sheria ya urithi kwa wasichana mu 1999. Mu vikao vyetu, tukitaja Kodi, wazee wanatujibu kwamba Kodi inagawanya mali ya marehemu, na kalinzi haikuwa mali yake. Hilo jibu lina akili, tulilifikiria usiku mwingi. Lakini tumeona kwamba wanalitoa tu wakati dada anaomba. Wakati mkubwa anataka kuuza kwa dolari, ghafula kalinzi inakuwa mali yake kabisa. Mtu hawezi kushika fimbo hiyo kwa ncha zote mbili. Kama fasi inaweza kuuzwa, basi ni mali, na kama ni mali, dada ana fungu.

Na ni nani analima hizo ari 8? Mama na dada. Bwasa ya leo, ile ya kulipa feza ao siku za kazi mu shamba la tajiri, wanawake ndio wanaitafuta.

Mu kikao kimoja tulichoandika, mushamuka mzee sana aliwaacha ndugu wagombane mpaka wakachoka. Kisha akamwita mkubwa, akamwambia: "Unasema uko murizi. Vizuri. Basi utuhesabie. Huyu mudogo wako wa pili, ng'ombe yake ya mahari ilitoka wapi?" Mkubwa akajibu kwamba yule mdogo alijitafutia, Kamituga. "Na huyu wa tatu?" Naye alijitafutia. "Na deni ya papa yako kwa ile kanisa, nani alilipa?" Mama alilipa, kwa maharagwe. "Na mama mudogo, iko wapi?" Amerudi kwao. Mzee akanyamaza kidogo, akaomba kasiksi, akakunywa. Kisha akatuambia sisi wenye kalamu: "Andika kama murizi hajaonekana bado." Tuliandika hivyo. Karatasi ingali kwetu, na lile shamba wanalilima wote watano pamoja na dada yao, kwa zamu, mpaka leo hawajalikata.